Keekee ya nyundo: kupekecha, kugonga, kutoboa, kuvunja na kubomoa

Mfasiri anayekabidhiwa kijitabu cha maelekezo ya mashine ya kutobolea zege hukutana, katika kurasa za mwanzo, na mchoro wa swichi yenye alama tatu: biti peke yake, biti pamoja na nyundo, na nyundo peke yake. Alama hizo ni amri tatu tofauti kwa fundi. Iwapo zote zitafasiriwa kwa kitenzi kimoja, yaani toboa, atakayeyasoma maelekezo hayo hatajua ni lini aizuie nyundo na ni lini airuhusu. Ukuta wa tofali laini utapasuka, mashine itakwama kwenye zege, na hasara itakuwa ya mwenye nyumba.

Makala haya yanaieleza mashine hiyo na matumizi yake katika kazi za uashi na ubomoaji. Sambamba na hilo, yanavipambanua vitenzi ambavyo Kiswahili tayari kinavyo kwa kazi hizo: pekecha, gonga, toboa, bandua, vunja na bomoa.

Mifano yetu mingi tumeitoa Dodoma. Mji huo uliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973; mwaka 2016 ikatangazwa kwamba Serikali yote ihamie huko; na mwaka 2018 ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Kutokana na historia hiyo, ndani ya mkoa mmoja msomaji anaweza kuiona tembe ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, nyumba ya tofali za kuchoma, nyumba ya tofali za saruji, na majengo ya zege na nondo ya Mji wa Serikali huko Mtumba. Fundi mmoja mwenye mashine moja aweza kuitwa kwenye kuta zote nne ndani ya juma moja, na kila ukuta unadai kitenzi chake.

Jina la mashine

Neno la zamani la Kiswahili kwa chombo cha kutobolea kwa kuzungusha ni keekee. Katika kitabu cha Edward Steere juu ya lugha ya Kiswahili, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1870, limeandikwa keke, na sehemu za chombo zimetajwa moja moja. Chuma kinachotoboa ni kijasi. Mti uliopachikwa chuma hicho ni msukano. Mpini ambamo msukano huzunguka ni jivu. Na kinachouzungusha ni uta. Tunaona hapa kwamba msamiati wa ufundi huu ulikuwa kamili kabla umeme haujafika Afrika Mashariki.

Mafundi wa leo aghalabu husema drili, na kile kinachopachikwa mbele hukiita biti. Maneno hayo yamekwisha kuzoeleka, yanafuata ngeli ya i-/zi-, na hakuna sababu ya kuyakataa. Kamusi haina budi kuyapokea maneno ya kazini kama yalivyo. Mfano mzuri ni fisha, yaani kile kipande cha plastiki kinachoingizwa ndani ya tundu ili kiishike skrubu. Jina hilo linatokana na la Artur Fischer, Mjerumani aliyebuni fisha ya nailoni mwaka 1958. Leo fundi anayeagiza fisha dukani hamfikirii mtu yeyote. Anafikiria tundu lake.

Kwa mashine inayozunguka na kugonga kwa pamoja, maandishi rasmi yanaweza kutumia keekee ya nyundo, na maelekezo yanayosomwa kazini yanaweza kutumia drili ya nyundo. Yote mawili yanaanza na nomino ya chombo, kisha yanataja sifa yake. Mpangilio wa kinyume, nyundo ya drili, unapotosha, kwa kuwa unamfanya msomaji adhani kwamba kinachozungumziwa ni aina ya nyundo. Mashine kubwa isiyozunguka kabisa, bali inayogonga tu ili kuvunja, iitwe kwa kazi yake: mashine ya kuvunjia zege. Haifai kuiita keekee, kwa maana haipekechi.

Mashine inavyofanya kazi

Kuna mashine mbili ambazo kwa macho zinafanana, na ambazo wafasiri huzichanganya mara kwa mara. Ya kwanza ni drili ya kawaida iliyoongezewa mtetemo. Ndani yake mna visahani viwili vya chuma vyenye meno. Vinapozunguka vikigusana, meno hupandana na kushuka, na biti hurukaruka kidogo. Pigo lake ni dogo, nalo hutegemea nguvu ya mkono wa anayesukuma.

Ya pili ndiyo keekee ya nyundo. Ndani yake mna silinda yenye pistoni. Pistoni inapokwenda mbele huigandamiza hewa, na hewa hiyo hukirusha kipande cha chuma ambacho hugonga shina la biti. Pistoni inaporudi nyuma, hukivuta kipande hicho ili kijiandae kwa pigo lifuatalo. Kwa hiyo nguvu ya pigo inatoka kwenye hewa iliyogandamizwa. Haitoki kwenye bega la fundi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta sokoni nyundo ya umeme inayozunguka mwaka 1932. Mashine nyepesi ya leo, yenye uzito wa kilo 2 hadi 3, hugonga zaidi ya mara 4,000 kwa dakika, na kila pigo hubeba nishati ya jouli 2 au 3. Zile kubwa hugonga mara chache zaidi, lakini pigo la kila mara ni zito maradufu au zaidi.

Biti ya mashine hii haikazwi kwa ufunguo kama ya drili ya kawaida. Shina lake lina mifereji. Husukumwa ndani ya kichwa mpaka lijifunge, kisha huwa huru kucheza mbele na nyuma linapogongwa. Mfumo huo hujulikana kwa herufi SDS. Shina la mashine nyepesi, SDS-plus, lina kipenyo cha milimita 10. La mashine nzito, SDS-max, lina milimita 18. Haviingiliani, na mfasiri asiviandike kana kwamba ni kitu kimoja. Shina hufutwa vumbi na kupakwa grisi kidogo kabla ya kupachikwa, kwa sababu hapo ndipo chuma husuguana na chuma.

Maelezo haya yana faida ya moja kwa moja kwa mfasiri. Vijitabu vingi humwambia fundi aisukume mashine kwa nguvu kidogo tu. Anayefasiri hapo kwa kubonyeza amekosea, kwa kuwa tunabonyeza kitufe. Anayefasiri kwa kukandamiza amekosea zaidi, maana fundi atailalia mashine kwa kifua, mto wa hewa utabanwa, pigo litafifia, na biti itapata moto. Kauli iliyo sahihi ni: “Ielekeze na uishikilie mashine, iache igonge yenyewe.”

Alama tatu, amri tatu

Alama ya biti peke yake inamaanisha kwamba mashine izunguke bila kugonga. Kitenzi chake halisi ni pekecha. Wazee walipekecha moto kwa kuzungusha kijiti juu ya kingine, na twasema mdudu amepekecha mhindi akiacha tundu na unga. Katika matumizi hayo mawili mna wazo la kuzunguka na la kuingia polepole. Hakuna wazo la kupiga. Hali hii hutumika kwa mbao, chuma, vigae na tofali laini.

Alama ya biti na nyundo inaamuru mambo mawili kwa pamoja: pekecha na ugonge. Kila pigo huponda kipande kidogo cha zege chini ya ncha ya biti, na mzunguko hukiondoa kipande hicho kupitia mifereji ya ubavuni. Hii ndiyo hali ya kutoboa zege, tofali za saruji na mawe.

Alama ya nyundo peke yake inamaanisha gonga. Mashine haizunguki. Mahali pa biti hupachikwa tindo, na kazi inakuwa ya kuvunja au kubandua. Tindo ni patasi ya kukatia chuma au jiwe. Patasi yenyewe ni ya seremala na mbao zake. Maelekezo yanayosema “pachika patasi” kwa kazi ya zege yanaeleweka, ila hayakuchagua neno lililo bora. Tindo yenye ncha kali huvunja, tindo bapa hukata na kunyoosha kingo, na tindo pana hubandua lipu na vigae.

Toboa, kwa upande wake, ni kitenzi cha tokeo. Kinaeleza kwamba tundu limepatikana, hasa lililopenya upande wa pili, bila kusema limepatikana vipi. Sindano hutoboa, risasi hutoboa, na keekee hutoboa. Kwa hiyo toboa kinafaa katika kichwa cha habari na katika kutaja lengo la kazi, lakini hakitoshi pale fundi anapotakiwa kuchagua hali ya mashine. Linganisha sentensi hizi mbili:

“Toboa matundu manne ukutani.”
“Toboa matundu manne ukutani kwa kupekecha tu, usiwashe nyundo.”

Ya kwanza inataja kazi. Ya pili inaulinda ukuta.

Chimba nacho hutumiwa kwa mashine hii, hasa na wanaofasiri neno kwa neno. Kuchimba ni kuondoa udongo au jiwe ili kupata shimo, kisima, msingi au madini. Tundu la fisha lenye kipenyo cha milimita 8 halichimbwi. Kichimbwacho kina kina na upana wa kuingia jembe, sururu au mtu.

Ukuta ndio unaoamua

Tuseme fundi ameitwa Chang’ombe kufunga rafu kwenye nyumba ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Tofali hizo zimechomwa kwa tanuri la kuni, na zile zilizokuwa pembeni mwa tanuri hazikuiva vizuri. Pigo la nyundo litazipasua, na udongo wa kwenye kiungo utamwagika kama mchanga. Hapa fundi anapaswa kupekecha, tena ndani ya mwili wa tofali na si kwenye kiungo, kwa maana udongo wa kiungo hauwezi kuishika fisha. Kuta za tembe, zilizojengwa kwa miti na udongo, hazihitaji mashine hii kabisa. Mtikisiko wake waweza kuangusha udongo mwingi kuliko tundu lililokusudiwa.

Juma hilohilo fundi huyo anaitwa kwenye nyumba ya tofali za saruji. Hapa nyundo inaruhusiwa, lakini biti ikikaribia kutokea upande wa pili inafaa izimwe, ili lipu ya upande huo isibanduke kwa duara kubwa kuzunguka tundu. Baadaye anaitwa kwenye nguzo ya zege. Hapa nyundo ni ya lazima, na biti iwe na ncha ya kabidi ya tangsteni. Biti ikikutana na nondo, mashine hukwama kwa ghafla na kujaribu kuuzungusha mkono wa aliyeishika. Ndiyo maana mashine hushikwa kwa mikono miwili, mmoja ukiwa kwenye mpini wa ubavuni. Fundi mwenye busara hulihamisha tundu. Haikati nondo ya nguzo, boriti wala linta kwa ajili ya fisha, kwa kuwa nondo hiyo ndiyo inayobeba uzito.

Mwisho kuna jiwe lenyewe. Dodoma imezungukwa na vilima vya itale, yaani granaiti, na majabali yake huonekana hata katikati ya makazi. Itale ni ngumu kuliko zege la kawaida. Mashine nyepesi itapata tundu dogo kwa subira. Kupasua jabali si kazi yake.

Katika kuta zote hizi hatua za kazi ni zilezile, nazo hufasirika vizuri kwa vitenzi vifupi. Zima umeme kwenye swichi kuu ya sehemu hiyo ya nyumba, na utumie waya kutoka sehemu nyingine. Chunguza njia ya nyaya, kwa kuwa aghalabu hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Tia alama. Anza kwa mwendo wa polepole mpaka biti ijikite. Ichomoe mara kwa mara ili itoe vumbi. Zidisha kina kwa takriban milimita 10 kuliko urefu wa fisha, kisha litoe vumbi kwa pampu ndogo. Usilipulize kwa mdomo, maana litarudi machoni. Badili hali ya mashine ikiwa imesimama. Swichi ikigeuzwa mashine inapozunguka, meno ya ndani huvunjika.

Kuvunja si kubomoa

Vitenzi vunja na bomoa hufasiriwa kana kwamba ni visawe, ilhali mipaka yake ni wazi. Kuvunja ni kukiondolea kitu uzima wake, kiwe kikubwa au kidogo, kinachoshikika au kisichoshikika. Twavunja yai, mfupa, zege, ahadi na rekodi. Kubomoa ni kuangusha kilichojengwa. Twabomoa nyumba, ukuta, daraja na banda.

Dodoma inatupatia mfano usiosahaulika. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa kifupi kama CDA, iliundwa mwaka 1973 na ikavunjwa mwaka 2017. Ilivunjwa, haikubomolewa. Vilevile Bunge, ambalo vikao vyake hufanyika jijini humo, huvunjwa kabla ya uchaguzi mkuu, nalo jengo lake husalia limesimama. Mwanafunzi akiandika “Rais amebomoa Bunge”, atakuwa ametangaza habari nyingine kabisa.

Katika kazi ya ujenzi, basi, fundi anavunja jamvi la zege ili apitishe bomba, lakini anabomoa chumba. Anabandua lipu na vigae, kwa sababu vilibandikwa. Anang’oa fremu ya mlango. Anachomoa misumari. Mwalimu ataona kwamba vitenzi kadhaa vya kundi hili vina kiambishi cha kutendua, -ua au -oa, kinachogeuza tendo la awali: bandika na bandua, fukia na fukua, ziba na zibua, chomeka na chomoa. Bomoa, toboa na pasua vina umbo hilohilo, japokuwa vitenzi vya msingi vya kuviunda havitumiki leo.

Sarufi hiyo inafundisha ufundi. Kutendua ni kurudi nyuma kwa njia uliyokwenda. Nyumba hujengwa msingi, kisha kuta, kisha paa; hubomolewa paa, kisha kuta, kisha msingi. Anayeuchimbua ukuta chini kwa tindo ya mashine ili uanguke wenyewe hakufuata njia ya kutendua. Ameutega, na wa kwanza kutegwa ni yeye. Kabla ya kufungua nafasi ya mlango katika ukuta unaobeba uzito, mirunda hukitegemeza kwanza kile kilicho juu. Kuvunja kwenyewe huanzia ukingoni au kwenye ufa, kwa vipande vidogo. Tindo inayozamishwa katikati ya zege nene hukwama, na fundi hutumia saa nzima kuitoa.

Umebomoka au umebomolewa?

Kuna tofauti nyingine ambayo uzito wake unazidi mipaka ya karakana. Kutokana na bomoa tunapata bomoka na bomolewa. Katika “ukuta umebomoka”, ukuta umeanguka na mtendaji hatajwi wala haulizwi. Huenda ni mvua, umri au mchwa. Katika “ukuta umebomolewa”, yupo aliyeubomoa, hata kama jina lake halikuandikwa, na msomaji ana haki ya kuuliza ni nani.

Tuseme jirani ametoboa ukuta wa pamoja kwa nyundo, nao ukaanguka. Taarifa ikiandikwa “ukuta umebomoka wakati wa kazi”, dhamana imefutwa kwa herufi mbili. Mfasiri wa taarifa za ajali, za bima na za mahakama anapaswa kurejea matini asilia na kuthibitisha kama mtendaji yupo, kabla ya kuchagua -ka au -wa. Asiyefanya hivyo aweza kumnyima mtu fidia, naye hakukusudia.

Katika muktadha huu ndipo lilipozaliwa neno bomoabomoa, nomino ya ngeli ya i-/zi- inayotokana na kukariri shina la kitenzi. Magazeti ya Tanzania hulitumia kwa operesheni ya kubomoa majengo mengi kwa amri ya mamlaka, kwa mfano yaliyo ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba zinazohusika hutiwa kwanza alama ya X, mara nyingi kwa rangi nyekundu, na watu husema nyumba “imewekewa X”. Neno bomoabomoa lina hisia ndani yake: linasikika upande wa yule anayebomolewa. Kwa hiyo linafaa katika habari, simulizi na mazungumzo. Katika waraka wa kisheria au wa kihandisi tumia ubomoaji, ambalo linaitaja kazi bila kuegemea upande. Wala fundi aliyeajiriwa kuondoa kibaraza hafanyi bomoabomoa, anafanya ubomoaji.

Maneno ya usalama

Sehemu ya kijitabu inayofasiriwa kwa haraka zaidi ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Zege, mchanga na itale vina silika. Pigo la nyundo huisaga kuwa vumbi laini ambalo chembe zake hatari hazionekani kwa macho, nazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko huacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao humzidishia mgonjwa hatari ya kupata kifua kikuu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya namna hiyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997. Kwenye uwanda wa kati, ambako mvua hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili na miezi iliyobaki ni mikavu yenye upepo, vumbi la kazi halitulii upesi.

Hapa neno barakoa peke yake ni la hatari. Tangu mwaka 2020 wasomaji wengi wanapolisikia hufikiria kitambaa au ile ya hospitali, na hizo hazizuii silika. Andika: “Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, ya kiwango cha N95, FFP2 au zaidi, iliyobana vizuri usoni.” Kadhalika, “lowesha” kunahitaji kuelezwa: loweshwa ni kifusi na sakafu. Maji hayamwagwi kwenye mashine ya umeme.

Mtikisiko wa mashine huathiri mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole. Kiswahili kina neno la dalili yake ya kwanza: ganzi. Sentensi “ukihisi ganzi au ukiona vidole vimepauka, acha kazi” inaeleweka na kila fundi, kuliko maelezo marefu ya kitabibu. Masikio nayo yanahitaji vizibo, kwa kuwa kelele ya mashine hizi kwa kawaida hupita desibeli 85, kiwango ambacho kikidumu siku nzima huanza kudhuru.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na chombo cha kuisimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Mfasiri azingatie tofauti ya lazima na ushauri. Matini asilia ikitoa amri, tafsiri nayo iamuru: “vaa”, “usiguse”, “lazima”. Akiandika “inashauriwa kuvaa”, ameugeuza wajibu kuwa hiari, na kibarua aliyepewa mashine bila barakoa atakuwa amenyimwa hoja yake.

Muhtasari wa matumizi

Pekecha: toboa kwa kuzungusha bila kugonga. “Pekecha tofali za kuchoma polepole.”

Gonga: piga kwa mapigo mfululizo. “Mashine hii hugonga zaidi ya mara 4,000 kwa dakika.”

Toboa: pata tundu, kwa njia yoyote. “Ametoboa nguzo bila kuigusa nondo.”

Chimba: toa udongo, jiwe au madini ili kupata shimo. “Wanachimba msingi.” Si kwa tundu la fisha.

Bandua: ondoa kilichobandikwa. “Bandua vigae kwa tindo pana.”

Vunja: ondoa uzima wa kitu. “Wamevunja jamvi ili kupitisha bomba.”

Bomoa: angusha kilichojengwa. “Walibomoa banda kuanzia paa.”

Bomoka: anguka pasipo mtendaji kutajwa. “Kingo za mto zimebomoka kwa mvua.”

Bomolewa: angushwa na mtendaji, atajwe asitajwe. “Nyumba tatu zimebomolewa.”

Anayetunga maelekezo ajiulize maswali matatu kabla ya kuandika kitenzi: je, chombo kinazunguka, kinagonga, au vyote viwili? Je, ninalitaja tendo au tokeo lake? Je, yupo mtendaji ambaye msomaji anapaswa kumjua? Akiyajibu, kitenzi kitajichagua, na fundi atajua mahali pa kuielekeza swichi kabla hajaugusa ukuta wa mtu.